UZI: Ndoo ya mawimbi kwa tangi la matumbawe: nilivyoitengeneza, na mahali iliponikwamia

Fundi_Mkunazini

Asalaam alaykum, wanajamvi. Ninatunza tangi la maji ya bahari katika kituo kidogo cha mafunzo kilichomo ndani ya nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, ambako wanafunzi wa skuli huletwa kuangalia matumbawe ambayo wengi wao, ingawa wamezaliwa kisiwani, hawajapata kuyaona yakiwa hai. Tangi lina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, na maji yake yana kina cha sentimita 55, yaani karibu lita 400. Mimi ni fundi bomba. Mambo ya bahari nimeyakuta kazini. Naandika kwa sababu mbili: kueleza chombo cha kutia mawimbi nilichokitengeneza kwa ndoo na mabomba ya PVC, na kuomba msaada, kwani kwa wiki ya tatu sasa chombo hicho kinanigomea, na mchawi ninayemshuku ni umeme.

Nianze na sababu ya kuyataka mawimbi. Tumbawe halitembei kutafuta chakula wala halikimbii uchafu wake. Pale liliposhika ndipo lilipo, na kila kitu huletewa na kuondolewa na maji. Maji yakituama, juu ya ngozi yake hubaki utando mwembamba usiosogea, na oksijeni, chakula na taka hupenya hapo kwa taabu. Mchana vile vijimea vinavyoishi ndani ya nyama ya tumbawe hutoa oksijeni nyingi, na isipochukuliwa humdhuru mwenyeji wake. Usiku mambo hugeuka, likawa tumbawe lenyewe ndilo linaloikosa.

Mwanzoni nilidhani dawa ni nguvu. Niliweka pampu mbili za kuzamisha, moja kila upande, zikawa zinapuliza saa ishirini na nne. Baada ya miezi minne tawi moja la Acropora, aina ya tumbawe gumu la matawi, lilikuwa limenawiri upande unaopigwa na maji, na upande wa pili limefunikwa na mwani wa kijivu kama ndevu. Nyuma ya jiwe kubwa uchafu ulikuwa umejikusanya kama vumbi nyuma ya kabati. Pampu zilikuwa na nguvu ya kutosha kabisa, lakini maji yalikuwa na njia moja tu, na aliye nje ya njia hiyo hakupata kitu.

Siku moja ya kaskazi, maji yakiwa yamekupwa, nilikwenda Jambiani na kuzamia karibu na mlango wa mwamba wa nje nikiwa na miwani tu. Nilishika jiwe, nikalitazama tumbawe laini lililokuwa mbele yangu. Liliinama kuelekea nchi kavu, likakaa kidogo, likasimama wima, kisha likainama kuelekea bahari kuu. Nilihesabu moyoni: kwenda na kurudi zilipita kama sekunde nane. Hakuna upande wa tumbawe lile uliokuwa mgongo. Hapo nilielewa kwamba jambo ninalolitafuta ni kugeuka kwa maji, na kwamba pampu zangu hata zikiongezwa ziwe sita hazitanipa.

Jaribio la kwanza lilikuwa la rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na taima, ili pampu zipokezane kila baada ya sekunde tano. Lilidumu wiki saba. Pampu hizi ndogo zina sumaku inayozunguka juu ya ufito mwembamba wa kauri, na kila zinapowashwa sumaku hutikisika kwanza kabla haijaamua izunguke upande gani. Ukiziwasha na kuzizima mara elfu kadhaa kwa siku, ufito huvunjika. Rilei nayo ililiwa na hewa ya chumvi hadi migusano yake ikawa ya kijani.

Ndipo niliposoma habari za Bruce Carlson wa Waikiki Aquarium kule Honolulu, ambaye alitumia njia isiyo na mota yoyote ndani ya maji zaidi ya pampu moja ya kawaida. Wapo pia waliotumia ndoo ya kupinduka, kama Walter Adey wa Smithsonian, lakini ile ina ekseli na bawaba, na mimi bawaba katika maji ya chumvi siziamini hata kidogo. Njia ya Carlson ni saifoni tu, yaani bomba lililopinda ambalo likishajaa maji huyavuta lenyewe kupitia kilele chake na kuyashusha chini. Ndoo huwekwa juu ya tangi na kujazwa polepole. Maji yakifika kimo fulani, saifoni huanza yenyewe na kuimwaga ndoo yote kwa kishindo. Ndoo ikiisha, saifoni huvuta hewa na kukatika, na ujazaji huanza upya.

Ndoo yangu ni ya lita 20, ya mafuta ya kula, niliyoiosha kwa maji ya moto na magadi mpaka ikaacha kuteleza. Chini yake nilitoboa tundu na kupitisha bomba la inchi moja na nusu, likazibwa kwa kiungio cha tangi chenye nati na washa za mpira. Ndani ya ndoo bomba hilo hupanda hadi sentimita 5 chini ya ukingo, hapo hugeuzwa kwa elbo mbili (viungio vya kona), kisha mguu wake wa pili hushuka hadi sentimita 3 kutoka sakafu ya ndoo. Kwa hiyo kuna mguu wa kunyonya, kilele, na mguu wa kushusha unaotoka chini ya ndoo hadi ndani ya tangi. Katika kilele nilitoboa tundu dogo na kutia kimrija cha hewa, ule mpira mwembamba wa pampu za hewa, ambao mdomo wake huning'inia karibu na sakafu ya ndoo. Maji yakishuka chini ya mdomo huo, hewa hupanda hadi kwenye kilele na saifoni hukatika kwa ghafla. Bila kimrija hiki saifoni yangu ilikuwa ikinyonya nusu hewa nusu maji, ikikoroma bila kuacha, na mlinzi wa usiku akaniuliza kwa upole ni nani anayevuta choo kila mara.

Kwa vipimo: pampu iliyomo ndani ya tangi, kwa kimo kile cha kupandisha, ilitoa lita 2 kwa sekunde 8, yaani lita 900 kwa saa. Kila mkupuo, yaani kila mara ndoo inapojimwaga, hubeba lita 15 hivi. Ndoo hujaa kwa dakika moja na kumwagika kwa sekunde 7, na kwa sekunde hizo saba tangi hupata maji kama kwamba kuna pampu ya zaidi ya lita 7,000 kwa saa. Kimo cha maji ndani ya tangi hupanda na kushuka kwa sentimita 2 na kidogo, kwa hiyo acheni nafasi chini ya ukingo wa kioo. Kwenye mdomo wa bomba ndani ya tangi nilifunga tii (kiungio cha njia tatu), tundu lake la juu likiwa wazi juu ya maji, ili hewa inayosukumwa mwanzoni mwa mkupuo itokee huko na isimwagie samaki povu.

Mambo ya kukwepa ni machache lakini hayana msamaha. Koki na viungio vya shaba visiguse maji haya, kwa sababu shaba huua matumbawe na wanyama wengine wasio na uti wa mgongo kwa kiasi kidogo mno. Gundi ya PVC ikauke siku mbili, kisha mabomba yasuuzwe. Silikoni iwe ile ya kawaida inayonuka siki, wala isiwe ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu.

Na ndoo iliyojaa ni kilo 20 juu ya vichwa vya watoto. Kibao changu cha kwanza nilikifunga ukutani kwa plagi na skrubu, nikasahau kwamba kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Usiku wa pili plagi zilichomoka na unga wa chokaa, kibao kikalala, maji yakatapakaa sakafuni. Kwa rehema ya Mungu hapakuwa na mtu. Tena, Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kuta zake si za kutobolewa na kila mwenye drili. Sasa ndoo inakaa juu ya fremu ya mbao inayosimama sakafuni kwa miguu yake yenyewe.

Sasa tatizo. Miezi mitano ilifanya kazi bila neno. Kisha jioni moja saifoni ikakataa kushika. Maji yalifika kwenye kilele, yakaanza kuchuruzika kwenye bomba kwa kidogo, na kile kinachoingia kikawa sawa na kinachotoka. Ndoo imejaa, tangi limetulia, pampu inazunguka. Nikiipiga ndoo kofi hushika, ikafanya kazi kwa saa moja au mbili, kisha ikarudi kule kule. Kwa kuwa hutokea zaidi jioni, wakati umeme unapopungua nguvu hadi taa zinafifia, nahisi pampu inakosa kasi. Nafikiria kununua stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha nguvu ya umeme. Nishaurini kabla sijatoa pesa.

Chipukizi_Fumba

Uzi mzuri, fundi. Mimi nina tangi la lita 100 nyumbani, lina samaki watatu tu. Je, naweza kutumia ndoo ya lita 5 kwa mpango huo huo? Na vipande vya matumbawe ninavyoviona pwani baada ya kusi, naweza kuviokota nikavitia?

Mlinzi_wa_Mwamba

Chipukizi, swali lako la pili lijibiwe kwanza. Mawe meupe yaliyokufa zamani ni jambo moja, na tumbawe hai ni jambo jingine kabisa, hata likiwa limevunjwa na wimbi. Matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama wake, na huku kwetu kuchukua matumbawe hai baharini bila kibali ni kosa. Katika maeneo ya hifadhi kama Chumbe na Misali huruhusiwi hata kuligusa. Naamini kituo cha fundi kina kibali chake. Mtu binafsi asianze kwa kujifanya hakijui. Tangi la samaki watatu litafurahia mawimbi hayo hayo bila tumbawe hata moja.

Fundi_Mkunazini

Ni kweli, vipande vyetu vyote vina karatasi, na kila kimoja kina namba yake. Kuhusu ndoo ya lita 5: inawezekana, lakini punguza bomba liwe la inchi moja au robo tatu. Bomba pana likiwa na pampu ndogo halishiki saifoni hata siku moja.

Maalim_wa_Wete

Fundi, usinunue stabilaiza. Nasomesha fizikia, na naomba uniruhusu niende polepole.

Pampu ndogo ya sumaku kama uliyoieleza, ile inayotikisika kabla ya kuchagua upande, inafuata mapigo ya umeme, na si ukubwa wa volti. Umeme wetu ni wa mapigo 50 kwa sekunde, na sumaku huzunguka kwa kufuatana nayo, mzunguko kwa pigo. Volti ikishuka kiasi, taa itafifia kwa sababu taa inategemea volti, lakini pampu itaendelea na mzunguko ule ule mpaka itakaposhindwa kabisa na kusimama. Haina hali ya katikati ya kuzunguka kwa uvivu. Kwa kuwa umesema pampu inazunguka, basi inazunguka kwa kasi yake, na maji yaliyopungua yamepungukia njiani. Chukua jagi na saa, pima tena lita 2 zako kwenye mdomo wa mpira unaojaza ndoo. Ukipata sekunde 8, mimi nimekosea. Ukipata zaidi, tazama ndani ya mpira.

Kuhusu jioni, nadhani jibu ni dogo: jioni ndipo unapokuwa umekaa karibu nalo bila wanafunzi. Mchana ikikwama huioni.

Jambo la pili ni kwa wale watakaotaka wimbi la kwenda na kurudi juu ya maji, lile la tangi zima kuyumba. Kila tangi lina mdundo wake, kama bembea. Ukilisukuma kwa mdundo huo, nguvu kidogo tu huleta wimbi kubwa. Fomula rahisi inayopatikana kila mahali ni mara mbili ya urefu wa tangi, ugawe kwa kipeuo cha pili cha zao la mvutano wa dunia na kina. Kwa tangi la fundi inatoa sekunde 1.03. Lakini fomula hiyo ni ya maji yenye kina kidogo kikilinganishwa na urefu, na tangi la samaki halina sifa hiyo. Ukitumia hesabu kamili, inayozingatia kina, unapata kama sekunde 1.3. Mtu aliyepanga pampu yake kwa sekunde 1.03 atashangaa kwa nini maji yanatapatapa bila kupata wimbi.

Nasema haya kama onyo kuliko kama ushauri. Kilo 400 za maji zikiyumba kwa mdundo wake huvuta viungo vya kioo kila sekunde, mchana na usiku. Tangi lililounganishwa kwa silikoni ya miaka kumi halikujengwa kwa ajili hiyo. Ndoo ya fundi, ambayo hupiga mara moja kwa dakika na kuacha, ina huruma zaidi kwa kioo.

Umeme_Salama

Naongeza la fani yangu. Fundi hakusema lolote kuhusu kikata umeme cha kuvuja, yaani kile kinachokata mara tu umeme unapopata njia ya kwenda ardhini. Penye maji ya chumvi na watoto wa skuli, kifaa hicho si anasa. Pia waya wa pampu ushuke chini ya soketi kwanza kisha upande, ili tone linalotambaa juu ya waya lidondoke kwenye pinde la chini na lisiingie kwenye soketi. Chumvi hufuata waya kama sisimizi. Nimeona soketi iliyo mita moja kutoka kwenye tangi imejaa ukoko mweupe ndani.

Tena, ndoo ina faida moja na hasara moja umeme unapokatika. Faida ni kwamba hakuna kitakachofurika, kwa sharti kwamba pampu imo ndani ya tangi lile lile. Aliye na tangi la pili chini, ambalo ndimo pampu ilimo, ahakikishe mdomo wa mpira uko juu ya maji ya ndoo, la sivyo maji yatarudi chini kwa saifoni ya kinyume mpaka sakafuni. Hasara ni kwamba hakuna mkupuo, na oksijeni huanza kupungua. Waliokuwapo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu bila umeme wa gridi, hawahitaji kuelezwa. Pampu ndogo ya hewa ya volti 12 pamoja na betri inayochajiwa na sola hutosha kuwavusha samaki usiku mmoja.

Bi_Mwani_Jambiani

Mwanangu fundi, mimi si mtu wa matangi. Nalima mwani hapa Jambiani, na kila siku ya maji ya kupwa nipo majini kwa saa nyingi. Nimefurahi kwamba ulikuja kutazama kabla ya kujenga.

Ninalo jambo moja la kusema. Ndoo yako inapiga kila dakika sawasawa, na bahari haifanyi hivyo. Siku za bamvua maji hukimbia kwa nguvu, yanakwenda mbali na yanarudi kwa haraka. Siku za maji mafu hata kamba za mwani hulala. Kusi ikiingia mwamba wa nje hupigwa usiku kucha, na kaskazi mawimbi huwa na tabia nyingine. Mwani uliozoea maji yanayobadilika haushikwi na uchafu haraka. Mwani wa mahali palipotulia hufunikwa na utelezi mweupe na kukatika. Sijui kama matumbawe yako yako hivyo, lakini yanaishi bahari moja na mwani wangu.

Na ule mpira wako wa kupandishia maji, ni wa rangi gani?

Fundi_Mkunazini

Bibi yangu, umeniuliza swali ambalo nimeona haya kulijibu. Mpira ni wa plastiki angavu, na unapita mbele ya dirisha.

Maalim, nimepima. Lita 2 zimechukua sekunde 18. Yaani pampu iliyokuwa ikitoa lita 900 kwa saa sasa inatoa 400, na umeme hauna hatia yoyote. Nimeufungua mpira nikaukata kwa urefu. Ndani kulikuwa na utelezi wa kahawia wenye unene wa karatasi ya sanduku, na ndani ya utelezi huo vijibomba vyeupe vya chokaa, vilivyojikunja kama herufi, ambavyo ni nyumba za minyoo ya baharini. Kwenye elbo ya kwanza vilikuwa vimesongamana hadi penseli ilipita kwa shida. Nilitaka kutumia pesa kununua stabilaiza ya kuwalinda minyoo!

Nimeloweka mabomba yote katika siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa usiku mzima, chokaa ikatoka yenyewe kwa povu. Mpira mpya ni mweusi, na nimeweka yunioni mbili (viungio vya kufungua kwa mkono) ili niweze kuufungua kila mwezi bila kukata kitu.

Hata hivyo bado kuna neno. Baada ya kusafisha, saifoni inashika mara tisa kati ya kumi. Mara ya kumi inachuruzika kwa dakika mbili tatu kabla ya kushika. Zamani haikuwa hivyo, au labda ilikuwa hivyo na sikuiona.

Bomba_la_Chake

Fundi mwenzangu, salamu kutoka Chake Chake. Nimejenga vyombo vya namna hii kwa bustani za mboga zinazolishwa na maji ya mabwawa ya samaki, maji yasiyo na chumvi lakini saifoni ni ile ile.

Tazama tii yako ya chini. Umeacha tundu lake la juu wazi juu ya maji. Ni kweli povu linapungua, lakini saifoni huzaliwa kwa kutolewa hewa iliyomo kwenye mguu wa kushusha. Maji yanayochuruzika hubeba hewa kidogo kidogo kuishusha. Na mdomo wa chini ukiwa umezama, hewa iliyotoka hairudi, mvuto unaongezeka, mara bomba linajaa na kushika. Wewe mdomo wako uko wazi. Kila hewa inayotolewa, nyingine huingia kwa mlango wa nyuma. Ilipokuwa pampu mpya kabisa, maji yalikuwa mengi kiasi cha kulijaza bomba kwa nguvu tu, bila kujali hewa. Hiyo ndiyo sababu miezi mitano hukuona kitu.

Ondoa tii. Weka elbo moja ya kawaida iliyozama sentimita 3 chini ya maji yanapokuwa kwenye kimo chake cha chini. Utapata povu kwa sekunde moja ya kwanza. Elekeza mdomo juu kidogo, kuelekea uso wa maji, ili povu lipande lenyewe. Na ikibidi, juu kwenye kilele, punguza bomba la kushusha kwa redusa (kiungio cha kupunguzia upana) liwe la inchi moja na robo. Bomba jembamba hujaa upesi. Utapoteza kidogo ya kishindo lakini hutakuwa na mara ya kumi.

Mwisho, nimetafuta katika maelezo yako bomba la dharura sikuliona. Konokono mmoja akikaa kwenye mdomo wa saifoni, pampu haitajua. Itajaza ndoo na kuimwaga sakafuni mpaka tangi likauke hadi kwenye pampu. Toboa tundu la pili karibu na ukingo wa ndoo, pitisha bomba la robo tatu moja kwa moja hadi ndani ya tangi. Usilitie koki.

Maalim_wa_Wete

Ndugu yangu wa Chake ameeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza ubaoni. Naomba jambo moja tu: fundi, usibadilishe tii na redusa siku moja. Ukibadilisha vyote, hutajua ni kipi kilichoponya.

Chipukizi_Fumba

Samahani kwa kuingilia. Kuhusu alichosema Bi Mwani, je, haiwezekani kuifanya ndoo isipige sawasawa?

Fundi_Mkunazini

Inawezekana, na nimelijaribu kwa sababu maneno ya Bi Mwani yalinikaa. Nimerudisha pampu moja ya zamani ndani ya tangi, ipulize upande ulio mkabala na mdomo wa ndoo, kwenye taima ya kawaida ya kuzungusha kwa mkono: saa tatu inafanya kazi, saa tatu imepumzika. Kuwashwa mara nne kwa siku hakumvunjii mtu ufito. Ikiwa imezimwa, mkupuo wa ndoo hufika hadi kioo cha mbali na kurudi kwa kupapasa mawe ya nyuma. Ikiwa inafanya kazi, mkupuo hukutana nayo katikati na maji hujikunja chini. Si bamvua na maji mafu, Bibi yangu, lakini si dakika moja moja tena kama saa ya ukutani.

Sasa majibu ya tii. Kwa agizo la Maalim nilianza na jambo moja: nimeondoa tii, nikaweka elbo iliyozama, mdomo umeinuliwa kidogo. Redusa sijaigusa. Nilikaa na daftari kutoka alasiri mpaka Isha, nikaacha kwa Magharibi tu, na nimehesabu mikupuo 180. Yote imeshika. Katika mikupuo minne saifoni ilichelewa kukatika, ikakoroma kama sekunde tano mwishoni. Nilipotazama niliona kwamba mdomo wa kimrija cha hewa nilikuwa nimeukata mraba, na tone la maji lilikuwa likikaa pale kama kizibo. Nimeukata kwa mshazari kwa wembe. Tangu hapo tone halikai.

Bomba la dharura limefungwa asubuhi ya leo. Nimelijaribu kwa kuziba saifoni kwa kiganja: ndoo ilijaa, maji yakapita kwa robo tatu na kurudi kwenye tangi, sakafu ikabaki kavu. Kikata umeme kinakuja Jumatatu, na mpaka hapo soketi nimeipandisha juu ya kimo cha ndoo.

Lile tawi la Acropora nimeligeuza, upande wenye ndevu sasa unatazama mdomo wa bomba. Mwani umeanza kutoka vipande vipande, na kwenye ncha moja, chini ya mahali palipokuwa pamefunikwa, kuna doa jeupe la ukubwa wa punje ya mchele ambalo jana halikuwapo. Kwa rangi yake naliona ni ukuaji mpya, lakini nitaleta vipimo baada ya wiki nne.